Maktaba, Kompyuta na Huduma za Wanafunzi Kampasi ya Mlimani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa ni yale ambayo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huyarudia kila mwaka wa masomo unapofunguliwa, hasa wa mwaka wa kwanza na wa uzamili wanaoanza utafiti. Saa za kufungua, idadi ya vitabu vya kuazima na viwango vya faini hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo havikuwekwa hapa; tangazo lililobandikwa mlangoni na lile la tovuti ya maktaba ndiyo ya kufuata. Yaliyomo ni mambo yasiyobadilika upesi: kipi kinapatikana, ni mlango gani wa kugonga, na kwa nini utaratibu uko ulivyo.

## Mambo ya kuanzia

Watu wanaposema "maktaba", wanamaanisha jengo lipi?

Kuna majengo mawili. La zamani lina jina la Dk. Wilbert Chagula, Mtanzania wa kwanza kukiongoza chuo hiki wakati kilipokuwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Jipya lilijengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa Novemba 2018. Linaweza kuchukua wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, na rafu zake zilikusudiwa kubeba vitabu 800,000. Mtu akikuambia "tukutane maktaba" bila kutaja ipi, muulize, kwa maana mwendo wa kutoka moja kwenda nyingine juani si wa kubahatisha.

Je, huduma hizi zinalipiwa?

Nyingi umekwisha kuzilipia katika ada na michango ya mwanzo wa mwaka. Kusoma, kuazima, kutumia kompyuta za maktaba, kupakua makala za majarida yaliyolipiwa na chuo, kumwona mkutubi akusaidie kutafuta marejeo: hayo yote hayadaiwi fedha nyingine. Unacholipia zaidi ni kutoa kopi, kuprinti, faini ya kuchelewesha kitabu, na mafunzo ya muda mfupi yanayotolewa na Kituo cha Kompyuta (tazama sehemu ya kompyuta na mtandao). Inasikitisha kumwona mwanafunzi akimlipa mtu wa steshenari amtafutie makala ambayo angeipata bure akiwa amekaa kwenye kiti cha maktaba.

Kitambulisho changu hakijatoka. Naweza kuingia?

Wiki za mwanzo za muhula wa kwanza jambo hili huwakuta wengi. Beba hati ya usajili yenye namba yako pamoja na kitambulisho kingine chenye picha, kama cha NIDA au cha mpiga kura, ujieleze mapokezi. Kuingia na kusoma humo ndani huwa hakuna ugumu. Kuazima ndiko kunakosubiri, kwa sababu kitabu huandikwa katika akaunti iliyounganishwa na kadi. Usiazime kwa kadi ya mwenzako, hata awe ndugu yako wa damu, kwa kuwa kitabu kikipotea deni litakuwa lake, na urafiki mwingi wa hosteli umeharibika kwa njia hiyo.

## Vitabu na rafu

Namba iliyo mgongoni mwa kitabu inasomwaje?

Maktaba hupanga vitabu kwa mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Herufi za mwanzo hueleza fani: H ni sayansi za jamii, K ni sheria, Q ni sayansi, T ni teknolojia. Historia ya Afrika iko DT, na ndani yake Tanzania iko kati ya DT 436 na DT 449. Kiswahili, lugha na fasihi yake, kiko PL 8701 hadi PL 8704, jirani na lugha nyingine za Afrika.

Mahali wanapopotea wengi ni baada ya nukta. Chukua vitabu viwili, kimoja kikiishia .M4 na kingine .M35. Kwa mazoea ya kuhesabu utasema 4 hutangulia 35, uende kukitafuta cha .M35 mbele zaidi, ukikose. Tarakimu hizo husomwa kama desimali: .M35 ni sifuri nukta tatu tano, .M4 ni sifuri nukta nne, kwa hiyo .M35 hutangulia. Herufi M kwa kawaida hutokana na jina la mwandishi. Mwaka wa toleo huja mwisho, nao husaidia pale matoleo kadhaa ya kitabu kimoja yanapokaa pamoja.

Namba ikianza na EAF, usipoteze muda kwenye rafu za kawaida. Kitabu hicho ni cha Mkusanyo wa East Africana, wenye utaratibu wake (tazama sehemu inayofuata).

Katalogi inasema kitabu kipo, lakini rafuni sikioni. Kimekwenda wapi?

Kwanza hakikisha umeisoma namba sawasawa, kama ilivyoelezwa katika jibu lililotangulia. Sehemu kubwa ya vitabu "vilivyopotea" huonekana hapo. Pili, angalia rafu ya juu na ya chini, na nakala nne au tano kulia na kushoto. Tatu, pita mezani na kwenye mikokoteni ya vitabu vinavyosubiri kurudishwa, kwa kuwa kitabu kinachotakiwa na wengi hushinda huko mchana kutwa.

Ukikikosa kote huko, inawezekana kimefichwa. Wapo wanafunzi wanaochukua kitabu cha uchumi na kukichomeka katikati ya vitabu vya botania ili wakikute kesho yake wao peke yao. Mtindo huu ni wa zamani, nao ndio sababu wakutubi huomba usirudishe kitabu rafuni mwenyewe hata kwa nia njema: kitabu kilichowekwa mahali pasipo pake, kwa msomaji anayekihitaji, ni sawa na kisichokuwepo. Mpe taarifa mkutubi wa dawati la uazimishaji pamoja na namba kamili, naye atakiandika katika orodha ya kutafutwa.

Kitabu cha kozi kina nakala chache na sisi tuko mamia. Tufanyeje?

Vitabu vya namna hiyo huondolewa rafu za kawaida na kuwekwa katika akiba maalumu, ambako huazimwa kwa saa chache na kusomewa humo humo. Kama cha kozi yenu bado hakijapelekwa huko, mhadhiri ndiye anayeweza kuomba, nanyi mnaweza kumkumbusha kupitia kiongozi wa darasa. Angalieni pia kama kuna toleo la kielektroniki, maana hilo halina foleni. Madesa, yaani kopi za vitini na vitabu, yanayouzwa kwenye steshenari yana nafasi yake usiku wa kuamkia mtihani, lakini mara nyingi ni kopi ya kopi, kurasa zimeruka, na jina la mwandishi limekatwa. Huwezi kuyataja katika insha yako hata kama ungependa.

Naruhusiwa kutoa kopi ya kitabu kizima?

Hapana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaruhusu kunakili kwa matumizi binafsi na ya masomo kwa kiasi, lakini si kitabu kizima wala sehemu yake kubwa. Sura moja kwa ajili ya semina haina shida.

Nimepoteza kitabu cha maktaba.

Toa taarifa siku hiyo hiyo, kwa kuwa faini ya ucheleweshaji huendelea kukua hadi taarifa itakapoandikwa. Kwa kawaida hutakiwa kununua nakala nyingine ya kitabu hicho au kulipa thamani yake. Usinunue kabla ya kuelekezwa, maana kama toleo ulilopoteza limepitwa na wakati, huenda ukaambiwa ulete jipya.

## East Africana

East Africana ni nini, na kwa nini wahadhiri wa historia huisema kila siku?

Ni mkusanyo wa pekee wa maandishi yanayohusu Tanzania na Afrika Mashariki, na kwa maoni ya anayeandika haya ndiyo hazina kubwa kuliko zote chuoni hapa, kuliko hata jengo jipya lenye vioo. Maktaba hii ni mojawapo ya maktaba za amana kisheria, yaani mchapishaji wa Tanzania anawajibika kuleta nakala ya anachochapisha. Ndiyo maana utakuta humo vijitabu ambavyo duka la vitabu halikuwahi kuviweka: hotuba, ripoti za tume, miongozo ya vyama vya ushirika, taarifa za sensa tangu ile ya 1967, kumbukumbu za majadiliano ya Bunge, na tasnifu za wanafunzi waliotangulia.

Zimo pia hati za Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni Tanganyika na kukusanya kwa miaka mingi mila, sheria za kimila na habari za utawala wa jadi, hasa za Wasukuma na Wahaya. Zina mtazamo wa mtumishi wa ukoloni, na anayezisoma hana budi kulikumbuka hilo. Hata hivyo baadhi ya wazee aliowahoji hawakuandikwa mahali pengine popote.

Vitu vya East Africana haviazimwi. Unajaza fomu, unaletewa, unasomea hapo hapo. Beba penseli, kwa kuwa kalamu ya wino karibu na karatasi ya miaka 70 haipendwi na mkutubi yeyote. Kupiga picha kwa simu kunahitaji ruhusa, na ukiruhusiwa piga kwanza picha ya jalada na namba ya faili, ndipo upige kurasa. Anayepuuza hatua hiyo hujikuta nyumbani na mamia ya picha asizoweza kuzitaja chanzo.

Natafuta gazeti la Daily News la 1965 na kila mara naambiwa halipo.

Halipo kwa sababu halikuwa limeanzishwa. Daily News lilizaliwa 1972, baada ya magazeti mawili kuunganishwa: The Standard na The Nationalist. The Standard ndilo lililokuwa Tanganyika Standard, gazeti la binafsi lililotaifishwa Februari 1970. The Nationalist lilikuwa la TANU kwa Kiingereza, kama Uhuru lilivyokuwa kwa Kiswahili. Kwa habari za 1965, basi, omba The Standard, The Nationalist na Uhuru, uyasome kwa kulinganisha. Tukio moja la serikali lilivyoandikwa katika gazeti la walowezi wa zamani na katika gazeti la chama mara nyingi ni mada tosha ya insha.

Kwa miaka ya ukoloni, jarida la serikali la Mambo Leo lilianza 1923 na lina barua nyingi za wasomaji na mashairi. Yale usiyoyakuta Mlimani, jaribu Nyaraka za Taifa zilizoko Upanga au Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Kwa habari za Unguja na Pemba kabla ya Muungano, Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani ndiko kwenye shina la mambo.

Miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu iko wapi?

Chuo kina mkusanyo mkubwa wa tenzi, mashairi na barua kutoka pwani, ambao orodha yake iliyochapishwa na J. W. T. Allen mwaka 1970 bado hutumika kama ramani ya kuanzia. Anza kwa kuwauliza Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI, iliyoundwa 2009 kwa kuunganisha iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) na Idara ya Kiswahili. Uwezo wa kusoma Kurani hautoshi kukufanya usome miswada hii bila mazoezi, kwa sababu waandishi wa pwani walikuwa na njia zao za kuandika p, ch, g na irabu e na o. Omba mtu mzoefu akuongoze katika kurasa za mwanzo.

## Majarida na marejeo ya mtandaoni

Nimefungua makala nikaambiwa nilipe dola 40. Je, chuo hakijalipia?

Huenda kimelipia, ila wewe umeingia kwa bando la simu. Wachapishaji wengi hawakutambui kwa jina. Hutambua anwani ya mtandao wa chuo. Ukiwa kampasi na kompyuta yako imeunganishwa na mtandao wa chuo, mlango hufunguka wenyewe. Ukiwa Mbagala kwa bando lako, mchapishaji anakuona kama mpita njia.

Kwa hiyo jaribu kwanza kupitia ukurasa wa rasilimali za kielektroniki wa maktaba, si kupitia injini ya kutafutia. Vyuo vya Tanzania hununua sehemu ya majarida kwa pamoja kupitia muungano wa maktaba uitwao COTUL, na mengine hupatikana kupitia mpango wa Research4Life, uliokusanya HINARI ya afya, AGORA ya kilimo na mingineyo, ambamo taasisi za nchi zenye kipato cha chini husoma bure au kwa bei ndogo.

Na nikiwa nyumbani likizo?

Ipo huduma ya kuingia kutoka nje ya kampasi kwa akaunti ya chuo. Iombe kabla hujasafiri, kwa kuwa kushughulikia nywila iliyogoma ukiwa Sumbawanga ni kazi. Majarida mengi ya Afrika, yakiwemo kadhaa yanayotolewa hapa Mlimani, yamo katika AJOL, tovuti inayokusanya majarida ya Afrika, na sehemu kubwa yake haihitaji akaunti yoyote.

Akili mnemba imenipa orodha nzuri ya marejeo, lakini maktaba inasema hayapo.

Inawezekana kabisa kwamba hayapo duniani. Programu hizi hutunga sentensi zinazoelekea kuwa sahihi, na rejeo ni sentensi kama nyingine: jina la mwandishi anayejulikana, kichwa kinachovutia, jarida la kweli, namba ya toleo na kurasa, kisha kumbe makala yenyewe haijawahi kuandikwa. Wakutubi wa dawati la marejeo hukutana na orodha za namna hii na sasa huzitambua upesi.

Pima kila rejeo kabla ya kuliandika. Fungua tovuti ya jarida lenyewe, nenda kwenye toleo lililotajwa, angalia ukurasa. Kama kuna namba ya DOI, yaani utambulisho wa kudumu wa makala, ibandike kwenye kivinjari uone inakupeleka wapi. Rejeo lisilofunguka popote liondoe, hata kama linaunga mkono hoja yako kwa namna ya ajabu; hilo ndilo la kutilia shaka zaidi.

## Kompyuta na mtandao

Nywila ya akaunti yangu ya chuo imekataa.

Akaunti moja hufungua mambo kadhaa, kwa hiyo kwanza bainisha ni wapi imekataa. Mfumo wa usajili na matokeo, ARIS, una shida zake, na hizo humalizwa na ofisi ya usajili au ya teknolojia ya chuo chako cha ndani (koleji). Jukwaa la masomo mtandaoni ni jambo jingine: kama umeingia lakini kozi huioni, tatizo si nywila, bali hujasajiliwa kwenye kozi hiyo, na anayeweza kukuongeza ni mhadhiri. Usimpe mtu nywila yako "akusajilie" kozi wakati foleni ni ndefu. Wapo waliokuta kozi zimebadilishwa wakagundua siku ya mtihani.

Nitapata wapi kompyuta kama sina laptopu?

Ziko maktabani, na vyuo vya ndani, shule na taasisi huwa na maabara zake, ambamo wanafunzi wa fani husika hutangulizwa. Asubuhi mapema na jioni baada ya vipindi ndizo saa za nafasi. Wiki mbili za mwisho wa muhula, wakati ripoti zote zinadaiwa kwa pamoja, usiweke matumaini hapo. Fanya kazi yako mapema. Umeme ukikatika, kompyuta ya mezani haikusubiri uhifadhi, basi hifadhi kila baada ya aya.

Tofautisha pia majina mawili yanayochanganywa. Kituo cha Kompyuta, UCC, ni kampuni inayomilikiwa na chuo, na mafunzo yake ya muda mfupi yako wazi kwa umma na hulipiwa. Chuo cha ndani cha Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, CoICT, ni mahali pa kusomea shahada, nacho kiko Kijitonyama, si Mlimani. Kila mwaka kuna anayeshuka daladala mahali pasipo pake.

Baada ya kuprinti steshenari, flashi yangu imejaa mafaili ya ajabu na kazi yangu haionekani.

Mara nyingi kazi haijafutika. Kirusi cha kawaida cha flashi huficha makabrasha yako na kuweka njia za mkato zenye majina yale yale. Usizibofye. Peleka flashi kwa wataalamu wa maabara ya kompyuta, ili wayarudishe mafaili yaliyofichwa na kuisafisha. Kisha jizoeze kujitumia kazi kwa barua pepe na kuifungua huko steshenari ikiwa katika PDF, ambayo pia haivurugi mpangilio wa kurasa. Nakala ya tasnifu ikae mahali pawili: flashi iliyo ndani ya begi moja na laptopu haihesabiki kuwa mahali pa pili, kwani mwizi huchukua begi lote.

Mhadhiri anataka uchambuzi wa data, na SPSS, programu ya takwimu, ni ghali.

Uliza kwanza kama maabara ya idara yako ina leseni. Isipokuwepo, programu ya R ni ya bure na inakubalika kokote. Itakuchosha wiki za mwanzo, kisha utaona faida yake. Kwa kupanga marejeo, Zotero nayo ni ya bure. Programu za wizi zinazogawiwa kwa flashi huja na virusi vilivyoelezwa katika jibu la hapo juu.

Turnitin, programu inayolinganisha kazi yangu na maandishi mengine, imenipa asilimia kubwa. Nimehukumiwa kuiba?

Asilimia hiyo inapima mfanano wa maneno, haipimi wizi. Orodha ya marejeo, jina la taasisi, nukuu zilizowekwa alama na hata maelezo ya kawaida ya mbinu za utafiti huongeza mfanano bila kosa lolote. Kinyume chake, mtu anaweza kuwa na asilimia ndogo na bado akawa ameiba hoja nzima ya mwingine kwa kubadilisha maneno.

Soma ripoti rangi kwa rangi. Vipande vifupi vilivyotawanyika havina neno. Aya nzima iliyofuata chanzo kimoja ndiyo ya kuandikwa upya, kwa kufunga chanzo hicho na kueleza ulichokielewa. Kiwango kinachokubalika kiko katika mwongozo wa masomo ya uzamili, na msimamizi wako ndiye wa kumwuliza, si jirani wa hosteli.

## Msaada kwa mwanafunzi

Mimi ni mwanafunzi asiyeona. Nianzie wapi?

Anza na kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu, kabla muhula haujachanganya, ili wahadhiri wako wapewe taarifa mapema na mipango ya mitihani ifanywe. Hapo ndipo huulizwa habari za nukta nundu, msomaji, au muda wa ziada wa mtihani. Kwa wenye ualbino na uoni hafifu, maandishi makubwa na kiti cha mbele ni haki ya kuomba bila kuona haya.

Kwenye kompyuta, programu ya NVDA husoma kilicho kwenye kioo kwa sauti, ni ya bure, na sauti yake ya eSpeak ina Kiswahili, ingawa inasoma kama mashine na majina ya watu inayavunja. Kikwazo kikubwa ni makala zilizopigwa picha tu: kwa programu, ukurasa huo ni picha, hauna herufi hata moja. Omba mkutubi aupitishe kwenye programu ya kutambua herufi, kisha mtu auhakiki, hasa kama ni chapa ya zamani.

Nikiugua?

Chuo kina kituo chake cha afya. Nenda na kadi ya bima. Mchango wa mwanafunzi kwa NHIF ulikuwa kwa miaka mingi Sh 50,400 kwa mwaka, na kiwango cha mwaka wako kimo katika maelekezo ya kujiunga. Ukikosa jaribio kwa ugonjwa, cheti cha daktari kifike idarani mapema, si baada ya matokeo kubandikwa.

Nimeelemewa na masomo, silali, na naogopa kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Nani wa kuzungumza naye?

Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ina washauri nasaha, na mazungumzo yao ni ya siri. Huhitaji barua ya kukutuma wala kuwa "umefikia hali mbaya". Jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa ni kwamba kuahirisha mwaka kwa sababu inayokubalika ni utaratibu halali wenye fomu yake, na huombwa kabla ya mitihani. Ukisubiri hadi umefeli, kilichobaki ni kukata rufaa, ambayo ni njia nyembamba zaidi.

Mhadhiri ananiomba ngono ili anipe maksi.

Hiyo ni rushwa ya ngono, kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Hujakosea wewe kwa kuombwa. Hifadhi ujumbe wote wa simu bila kufuta, andika tarehe na mahali, umwambie mtu mmoja unayemwamini. Ndani ya chuo, Dawati la Jinsia ndilo lililowekwa kwa ajili hiyo. Kama unaogopa kuanzia ndani, TAKUKURU hupigiwa bure kwa namba 113, na hakuna sheria inayokutaka umalize kwanza ngazi za chuo.

Bumu, yaani fedha ya mkopo, halijaingia.

Muone afisa mikopo wa chuo kabla ya kwenda ofisi za Bodi ya Mikopo. Mara nyingi chanzo ni usajili usiokamilika au malipo ambayo hujayathibitisha, na yote mawili humalizwa Mlimani.

## Hali zisizo za kawaida

Nasoma Muhimbili au Ardhi. Si tuko chuo kimoja?

Mlikuwa. Vyote viwili vilikuwa vyuo vishiriki hadi vilipokuwa vyuo vikuu kamili mwaka 2007, kwa hiyo sasa unaingia Mlimani kama mgeni, ukiwa na barua ya maktaba yako. Chang'ombe (DUCE) na Mkwawa ya Iringa (MUCE) bado ni vyuo vishiriki. Vina maktaba zao, na ukitaka kutumia ya Mlimani, uliza kwanza kama akaunti yako imeunganishwa.

Mimi ni mtafiti kutoka nje ya nchi, nataka kutumia East Africana.

Utahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, ambacho huchukua muda, basi kiombe kabla ya kukata tiketi. Pamoja nacho, beba barua ya chuo chako na uandike mapema orodha ya unachokitafuta. Mkutubi akiijua mada yako kabla hujafika, siku yako ya kwanza haitaishia kwenye fomu.

Nimemaliza masomo. Naweza kuendelea kutumia maktaba?

Kama mhitimu unaweza kuomba uanachama wa kulipia, ambao kwa kawaida hukupa nafasi ya kusoma, lakini akaunti ya majarida ya mtandaoni hufungwa kwa sababu mikataba na wachapishaji inahesabu wanafunzi na watumishi waliopo. Pakua makala unazozihitaji kabla ya siku hiyo. Kwa hati ya kutodaiwa, ambayo bila hiyo cheti hakitolewi, pita maktaba wiki kadhaa kabla ya mahafali: kitabu kimoja ulichomwazimia mwenzako mwaka wa pili bado kinasoma jina lako.